Uliza Kabla ya Kuchukua Silaha
Somo: Yoshua 22:9–34

Juma hili tujifunze kuhusu mawasiliano. Nikiketi na wenye ndoa, waimbaji au viongozi wa idara, shida ninayoiona sana si kwamba watu hawaongei. Wanaongea! Lakini kila mmoja ameshaamua kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Fungua Yoshua 22. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wanarudi kwao ng'ambo ya Yordani baada ya vita vya kuitwaa nchi. Wakiwa njiani wanajenga madhabahu kubwa kando ya mto. Habari ikafika kwa ndugu zao, na Israeli wote wakakusanyika Shilo, tayari kwenda kupigana. Watu waliopigana bega kwa bega miaka hiyo yote, sasa wako karibu kuuana, na hakuna aliyeuliza madhabahu ile ni ya nini.

Naona vikwazo vitatu hapa.

1. Habari nusu. Madhabahu ilikuwa imejengwa kweli. Kilichokosekana ni sababu. Uvumi mwingi uko hivyo: una ukweli ndani, halafu sisi tunajijazia yaliyobaki. Umemtumia dada ujumbe kwa WhatsApp, tiki zimegeuka buluu, hajajibu. Tayari umeamua ana maringo. Labda yuko kwa foleni hospitalini na mtoto. Na sisi Wakenya tuliopitia 2007 na 2008 tunajua habari nusu inaweza kuchoma nini.

2. Kidonda cha zamani. Wajumbe walipofika, walianza na dhambi ya Peori, wakataja na Akani. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa maana Hesabu 25 inasema watu 24,000 walikufa kwa pigo lile. Lakini jambo la leo walilitazama kwa miwani ya jana. Ndivyo mume anasema, "Leo nitachelewa," na mke anasikia ya mwaka juzi.

3. Umbali. Katikati yao kulikuwa na mto. Kwetu mto unaweza kuwa umri au lugha. Kijana anaongea Sheng, mzee anaona amedharauliwa. Tangazo linasomwa kwa Kiingereza kigumu, na shosho pale nyuma anaitikia "Amina!" bila kujua mkutano ni lini.

Je, walivukaje?

Kwanza, walienda. Finehasi kuhani na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila, walivuka wenyewe. Kumbuka, huyu ndiye Finehasi aliyeshika mkuki kule Peori. Mtu wa mkuki, safari hii alienda na masikio.

Pili, walisema wazi linalowauma, bila kufunga mlango. Waliwaambia: kama nchi yenu ni najisi, njooni mkae kwetu.

Tatu, walisikiliza mpaka mwisho. Na jibu lilikuwaje? Madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Wale ndugu waliogopa kwamba siku moja watoto wao wataambiwa hawana fungu kwa Bwana, kwa sababu wako ng'ambo. Kilichoonekana kama uasi kilikuwa hofu ya kutengwa! Finehasi akaridhika, akarudi na habari njema, na maneno ya vita yakaisha.

Mpendwa, huenda huyo anayekukasirisha ndiye anayeogopa kukupoteza. Sisemi jibu litakuwa zuri kila wakati. Lakini hata likiwa baya, utashughulika na ukweli, si na mawazo yako.

Zoezi la juma hili

• Andika jina la mtu mmoja uliyemhukumu bila kumuuliza.
• Mwendee mwenyewe, mkiwa wawili tu (Mathayo 18:15). Usipeleke kwa grupu, wala usimtume mtu.
• Usianze na "Wewe kila siku..." Anza na "Niliona hivi, nisaidie kuelewa."
• Akimaliza, rudia ulichosikia kwa maneno yako kabla ya kujibu (Yakobo 1:19). Mwulize, "Nimekuelewa?"

Tuombe: Bwana, tupe miguu ya kuvuka na masikio ya kusikia. Ponya vidonda vinavyotuzuia kuelewana nyumbani na kanisani. Katika jina la Yesu, amina.