Deni la Mtu Aliyekatikiwa na Chumo, na Mafunzo ya Njia ya Unyanyembe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo letu hili ni katika habari ya deni linalomkuta mtu naye chumo limemkatikia: ana mke na watoto, mwenye duka amngoja, mwenye nyumba ataka kodi yake, na mkononi hamna kitu. Si somo la tajiri achelewashaye haki za watu hali anazo, huyo Mtume (S.A.W.) amekwisha kukiita kitendo chake dhuluma, na maneno yake ni mafupi. Sisi twamnena aliye katika dhiki ya kweli, ambaye katika vitabu vya fikihi huitwa muusiri. Watu wengi hufahamu hukumu ya tajiri wakamtilia maskini, na hapo ndipo yanapotoka matusi ya barazani na ndugu kukatana.

Twaanza na Tabora, kwa sababu mji ule ulisimama juu ya deni. Waarabu na Waswahili walioweka makao Unyanyembe katika karne ya 19, mahali ambapo Burton na Speke walipafikia mwaka 1857 pakiitwa Kaze, aghalabu yao hawakupanda bara na mali yao wenyewe. Merikani, kaniki, shanga, masango, baruti, vyote vilitwaliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Mmoja wao mashuhuri ni Taria Topan, aliyekodi ushuru wa forodha ya Sultani, naye ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip. Ahadi ilikuwa ya miaka miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, na malipo ni pembe. Na bei iliyoandikwa daftarini haikuwa bei ya fedha taslimu. Ilikwisha kupandishwa kwa ajili ya muda na khatari ya njia.

Hapa yataka tutengeneze jambo moja kabla hatujaendelea. Kuuza kwa muda kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, maadamu bei imekatwa moja na pande mbili zimeridhika, wanavyuoni walio wengi wamejuzisha. Riba ni pale ahadi inapofika, mdeni hana kitu, mwia akamwambia: nitakuongeza muda, nawe niongeze fedha. Hii ndiyo riba ya zama za Ujahili iliyoharimishwa na Kurani. Basi mtu asimwite kila mwenye duka mla riba, wala asimtakase kila mkopeshaji kwa kuwa karatasi yake imeandikwa vizuri. Na tusisahau kuwa katika bidhaa za njia ile walikuwamo wanadamu pia waliouzwa, na khasara yao haikuandikwa katika daftari ya mtu ye yote.

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aligombana na Waarabu wa Tabora kwa habari ya njia na ushuru wake. Vita vikawaka, Khamis bin Abdullah, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wao, akauawa, na njia ya Ujiji ikafungwa. Pembe zikawa ng'ambo ya vita, na deni liko Unguja. Zingatia hali ya mtu ambaye chumo lake lote lilikuwa njia moja hiyo. Hakucheza kamari, hakulewa, hakufanya israfu. Asubuhi moja njia imefungwa, na mwia hakuiona vita, aiona tarehe tu. Katika wafanya biashara wa bara wakawako walioogopa kushuka pwani kwa sababu ya wawia wao, wakakaa huko miaka mingi. Kukimbia kule hakukupunguza hata pishi moja ya deni. Kulichozidisha ni haki nyingine juu ya ile ya kwanza, kwani mke aliyeachwa pwani bila ya nafaka, kwa madhehebu yetu ya Shafii, nafaka yake ya siku zilizopita haipotei. Huwa ni deni katika dhima ya mumewe kama deni la Mhindi.

Si matajiri wa pembe tu waliokatikiwa. Mnyamwezi aliyechukua mzigo begani kati ya Bagamoyo na Tabora alikuwa na ujira wake, na reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ujira ule katika njia kuu ukaondoka. Wengi walikuwa wamekwisha kushika njia ya mashamba ya pwani na karafuu za Unguja, wengine wakafuata. Kisha vita vikuu vikaja. Serikali ya Wajerumani ilipozingirwa ilipiga fedha zake Tabora mwaka 1916, za shaba na hata za dhahabu zenye sura ya ndovu, na noti za haraka zikachapwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakauingia mji. Aliyekuwa na sarafu ya dhahabu alikuwa na dhahabu. Aliyeweka akiba yake katika noti zile alibaki na karatasi.

Leo msafara haupo, lakini mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua aifahamu habari hii pasi na kufundishwa. Mbolea na dawa hutwaliwa kwa mkopo kwa njia ya chama cha msingi kabla mbegu haijatiwa ardhini, na deni hukatwa katika mauzo. Tena wanachama hudhaminiana, hata aliyepata mavuno mema akaweza kukatwa kwa ajili ya mwenziwe aliyekosa. Na huku kwetu pwani aliyeachishwa kazi bandarini au hotelini hukimbilia mikopo ya kulipa kila siku au kila juma, ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina hilo latosha; hatuna haja ya kulifasiri.

Sasa tuingie katika mafunzo. La kwanza ni aibu, kwani ndiyo ifanyayo deni dogo kuwa kubwa. Mtume wetu (S.A.W.) amefariki dunia na deraya yake i katika rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa ajili ya pishi za shayiri alizowatwalia watu wa nyumbani kwake. Basi kukopa chakula cha watoto si aibu kwa mtu ye yote baada ya hapo. Aibu ni kuficha. Mtu akikatikiwa na chumo, siku ya kwanza amwambie mkewe, na kabla ahadi haijafika awaendee wawia wake mmoja mmoja kwa miguu yake, awaeleze hali. Aliyeambiwa mapema huwa ni mshauri. Aliyekimbiwa huwa ni adui. Wengi wetu hufanya kinyume: hutoa arusi kubwa ili jirani asijue kuwa kazi imekwisha, na kwa mapesa ya mkopo.

La pili, aandike. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya kuandika deni, iliyo katika Suratul Bakara. Basi itakuwaje tuone kuandika ni kumdhania mtu ubaya? Atwae karatasi aandike kila anayemdai, na asili ya fedha, na alichokwisha lipa, na iliyozidi juu ya asili aiandike mbali. Kisha asiache kumwandika mkewe. Mahari yaliyobaki ni deni. Mkufu wa mke uliouzwa kulipa kodi, ikiwa alikopesha hakutoa bure, ni deni. Mali ya mke si mali ya nyumba. Ni mali yake, na akisaidia ni hisani, na hisani haitwaliwi kwa kununiwa. Nimewaona wanaume walio waangalifu kwa haki ya mwenye duka mpaka senti ya mwisho, nao hawajui kuwa mdai wao wa kwanza hulala nao kitanda kimoja.

La tatu ni kujihadhari na kulipa deni kwa deni lililo baya kuliko la kwanza. Babu zetu wa pwani walikuwa na mlango wao wa khatari, nao ni bei khiyari. Mtu huuza nyumba au shamba kwa sharti ya kuwa ana khiyari ya kulikomboa kwa muda fulani, kisha hukaa humo humo akilipa kodi kwa aliyemuuzia. Jina ni bei, na kodi ni kodi. Lakini kodi ile ilikuwa ndiyo riba imevaa kanzu, na muda ukipita nyumba imekwenda. Mashamba mengi ya karafuu ya Unguja na Pemba yalishikwa na madeni ya rehani na mikataba kama hii, hata bei ya karafuu ilipoanguka, serikali ya Unguja mwaka 1934 ikatoa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa watu wasio wa jinsi hizo pasi na idhini. Sheria ilikuja wengi wamekwisha kuuza. Mwenye kitu cha kuuza, akiuze kwa bei kataa wakati bado ana nafasi ya kungoja mnunuzi mwema, kuliko kukifunga kwa hila.

Na ikiwa mali haitoshi madeni yote? Kadhi, wawia wakimtaka, aweza kumzuilia mufilisi asitumie mali yake, akaiuza na kuwagawia kwa hisabu ya haki zao, baada ya kumtanguliza mwenye rehani katika kile alichorehaniwa. Tupige mfano: mwenye duka adai shilingi 300,000, ndugu 200,000, na mkopeshaji asili ya fedha yake 500,000, jumla ni 1,000,000. Mali iliyouzwa imetoa 400,000. Kila mmoja atapata sehemu nne katika kumi za haki yake: mwenye duka 120,000, ndugu 80,000, mkopeshaji 200,000. Ziada ya riba haingii katika hisabu hii, kwa kuwa Kurani imempa mwenye kutubia riba rasilmali yake tu. (Sheria ya serikali juu ya mkataba wake ni jambo jingine, na mwenye kushitakiwa amwendee mjuzi wa sheria, asitegemee kijitabu hiki.) Mufilisi huachiwa nguo zimfaazo na chakula cha siku ya kugawanya, chake na cha wanaomtegemea. Ama nyumba anayokaa, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa huuzwa. Imam Ahmad yeye ameona aachiwe makao. Mtu akilijua hilo atapendelea sulhu kabla ya kufika mbele ya kadhi, na wawia nao vile vile, kwani kiuzwacho kwa haraka hakitoi thamani yake.

Kabla ya kadhi kumzuilia, mdeni ana ruhusa ya kumlipa amtakaye. Lakini jihadhari na tabia ya kumlipa mwenye sauti kubwa na kumwacha mjane aliyekukopesha kwa imani, naye haji kugonga mlango.

Neno kwa mwia. Kurani imeamrisha mdeni aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na imetaja kuwa kumsamehe ni bora. Kumpa muda si fadhila yako. Ni haki yake. Kusamehe ndiyo fadhila. Katika zama za Mtume (S.A.W.) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, deni likamzidi, Mtume akawataka watu wamsaidie kwa sadaka, wakatoa, isitimie. Akawaambia wawia wachukue walichokipata, wala hawana zaidi ya hicho. Tazama mpango wake: kwanza jamaa na majirani walitoa, kisha wawia wakapunguza kelele zao. Sisi huanza na kelele, na sadaka hatufiki.

Na hiyo sadaka ina mlango wake uliotajwa. Katika mafungu manane ya wanaopewa zaka, limo fungu la wenye madeni. Mwaka hata mwaka zaka ya mji hugawanywa kwa vipande vya nguo na sarafu ndogo ndogo mlangoni mwa tajiri, na mtu aliyeachishwa kazi, mwenye deni la kodi ya miezi minne, hapewi kwa kuwa kanzu yake ni safi. Huyo ni mstahiki. Lau watu watatu wenye zaka katika mtaa mmoja wangekubaliana kumtoa mmoja katika deni lake kila mwaka, mtaa ungelijua tofauti. Ila mwia asijidanganye kwa kumfutia mdeni deni na kulihisabu kuwa ni zaka yake. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa haitoshi, mpaka ampe mkononi, naye akitaka amlipie.

Akifa mdeni, deni lake lililokuwa na muda hufika ahadi yake siku ile ile. Litolewalo kwanza katika mali yake ni sanda na mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na baada ya hapo ndipo warithi. Pilau ya khitma na arobaini haimo katika orodha hiyo. Kuichinjia mbuzi wa marehemu naye adaiwa ni kula mali ya wawia. Warithi hawalazimiki kulipa kwa mali zao wenyewe kilichozidi tirka, lakini mtoto akikubali kulichukua deni la babake, na mwia akaridhika, ana mfano mwema. Maiti mmoja aliletwa ili Mtume (S.A.W.) amsalie, akaambiwa kuwa adaiwa naye hakuacha kitu, akataka wasalie wenyewe, Abu Katada akasema deni lile ni juu yake, ndipo akamsalia.

Wallahu aalam.