Kupiga Picha Garimoshi Lisilokuwapo

Wako watu wazima na heshima zao wanaojenga reli ndani ya tarakilishi, wakaendesha garimoshi humo, kisha wakapiga picha ya mandhari na kuwatumia wenzao. Darasani kwetu wengi hucheka wakisikia hayo. Ati ni mchezo wa watoto! La hasha. Mimi naliona ni somo.

Zamani mashabiki wa Ulaya na Marekani walitengeneza garimoshi dogo la mezani. Kipimo kipendwacho sana huitwa HO, ambapo kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Upana wa njia yake ni milimita 16.5. Hebu chukua kalamu uzidishe kwa 87. Umepata 1,435.5, sivyo? Naam, reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435! Mtu wa sentimita 174 huko mezani huwa na sentimita 2 tu.

Mwaka 2001 zikatoka programu mbili: Microsoft Train Simulator, na Trainz kutoka Australia. Katika Trainz unatandaza ardhi kwa vipande vya mraba, kila upande mita 720, unainua milima, unapanda miti, unalaza reli. Wengine hujenga hata chumba chenye meza, garimoshi dogo likizunguka juu yake. Mimi hutumia Open Rails, ambayo ni ya bure, kwa tarakilishi kuukuu ya binamu yangu, siku ya Jumamosi, stima ikiwapo.

Sasa picha. Wengi hupiga kutoka angani kama mwewe, na treni ikaonekana kama kiwavi. Teremsha kamera hadi kimo cha macho ya mtu aliyesimama kando ya tuta. Acha nafasi mbele ya injini ili treni ipate pa kwenda. Chagua jua la asubuhi au jioni. La adhuhuri halina kivuli cha maana.

Lakini kubwa zaidi ni njia yenyewe. Babu yangu alikuwa akitengeneza reli ya zamani, ile ya mita moja, upande wa Voi. Nilimwonyesha picha niliyotumiwa, garimoshi la mvuke likikata kona. Mimi macho yangu yalikuwa kwa injini. Yeye hakuitazama kabisa.

“Mjukuu wangu, mbona reli ya nje iko sawa na ya ndani?” akauliza. “Sisi kwenye kona tulikuwa tunainua ya nje, gari likija kwa kasi lisisukumwe nje. Huyu aliyejenga hajawahi kushika sululu!”

Tangu hapo mimi huanza na kokoto, mataruma na mwinamo wa kona, injini baadaye.

Jambo jingine ni maandishi chini ya picha, na hapa wanachama wa Kiswahili tuna kazi. “Treni poa sana” si maelezo. Mtaani kwetu ilipitishwa kwa simu picha ya mabehewa yaliyopinduka, bila neno lolote. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa safarini alilia mpaka majirani wakajaa uani. Jioni kijana akapiga simu, amefika salama. Picha ilikuwa ya mchezo! Aliyeipiga pengine hakuwa na nia mbaya, ila aliiacha itembee bila jina.

Kwa hivyo taja mahali, treni, aliyeunda injini na mabehewa (jasho la mtu hilo), na useme wazi ni mchezo. Mathalani: “Treni ya mizigo ikivuka daraja la Ribblehead, Uingereza, lenye matao 24. Picha ya mchezo wa tarakilishi.” Maneno machache tu.

Zangu tatu zimebandikwa kwenye ubao wa chama, karibu na maktaba. Kona zake Babu amekwisha kuzikagua.