Tumbawe si Jiwe Tu

Mtu wa pwani hulijua tumbawe. Hulichoma akapata chokaa, hulichonga akajengea nyumba. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa ni jiwe kama mawe mengine. Sivyo. Tumbawe ni nyumba ya mnyama. Ili tulielewe jambo hili, na tuutazame mwamba wa matumbawe ulio mkubwa kuliko yote duniani, nao uko Australia, mkabala wa pwani ya Queensland.

Urefu wake ni maili 1,400 hivi. Si ukuta mmoja, bali ni miamba karibu 3,000, na kati yake mna visiwa na njia za maji. Mwaka 1770 merikebu ya Kapteni James Cook ilipanda mwamba huo usiku, nao wakalazimika kutupa mizinga baharini ndipo ikaelea.

Mjenzi wa mwamba ni mnyama laini, ambaye mara nyingi hazidi punje ya mpunga. Umbo lake ni kama kifuko chenye mdomo mmoja, uliozungukwa na minyiri ya kunasia chakula. Huvuta chokaa katika maji ya bahari, akajifanyia kikombe kigumu cha kukalia. Afapo, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Hivyo ndivyo mwamba ulivyokua kwa maelfu ya miaka.

Wala hafanyi kazi peke yake. Ndani ya nyama yake hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa humpa mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe yajengayo miamba hustawi penye maji maangavu yasiyo na kina kirefu.

Huko Australia zipo aina zaidi ya 400 za matumbawe magumu, na zaidi ya 1,500 za samaki. Pono huguguna mwamba, na jiwe alilosaga hutoka mwilini mwake likiwa mchanga mweupe. Wako pia kasa, nguva, papa na taa. Kiti cha pweza mwenye miiba mingi ni adui, kwa maana hula matumbawe yaliyo hai.

Adui mkubwa zaidi ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu, yakadumu hivyo majuma kadhaa, mnyama huitoa mimea yake, akabaki mweupe. Asipopata nafuu, hufa. Msiba huo uliupata mwamba wa Australia mwaka 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi ya pwani yetu pia.

Mvuvi ajua ya kuwa tumbawe likifa, samaki hukosa maficho na malisho. Kupunguza joto la bahari si kazi ya mtu mmoja; lakini kila mmoja aweza kuangalia pa kutia nanga, na pa kuweka mguu maji yakipwa.