Kusoma muziki wa luti katika maandishi yake ya asili

Mpigaji udi wa Zanzibar akishika luti ya Ulaya hatapotea sana, maana luti imetokana na udi uliofika huko kupitia Hispania ya Waislamu. Kitakachomkwamisha ni karatasi. Muziki wa luti wa karne ya 16 uliandikwa kwa tabulatura, maandishi yanayoonyesha pa kubana uzi. Vitabu vingi vya leo huigeuza kuwa nota. Mimi nashauri uanze na tabulatura yenyewe.

Tabulatura hukuambia upige lini, lakini haisemi kila sauti iendelee hadi lini. Mhariri anayeandika nota hana budi kuamua: besi hii idumu pigo moja, au manne? Uamuzi wake ukishachapwa, msomaji huudhania kuwa ni wa mtunzi. Ukisoma asili, unaamua mwenyewe kwa vidole na masikio.

Anza na tabulatura ya Kifaransa, iliyotumika pia Uingereza. Mistari sita ni safu sita za nyuzi, nyembamba ikiwa juu. Herufi a ni uzi usiobanwa, b ni freti (kigawanyo cha shingo ya luti) ya kwanza, na c, ambayo mara nyingi hufanana na r, ni ya pili. Alama za juu zenye vikia ni za muda. Pasipo na alama mpya, iliyotangulia inaendelea. Ukiona nukta moja chini ya herufi, piga kwa kidole cha shahada kuelekea juu.

Ya Kiitaliano hutumia tarakimu, na kwa kawaida mstari wa juu ndio uzi mnene. Ya Kijerumani iache kwanza. Ni ngumu mno.

Hata hivyo, toleo la kisasa liwe karibu. Wachapaji wa zamani walikosea: herufi iliteleza mstari mmoja, alama ya muda ikasahaulika. Ukisikia mlio usioingiana, linganisha. Toleo la kuaminika hueleza kila kilichosahihishwa; lisiloeleza, usilinunue.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge imeweka mtandaoni, bure, picha za vitabu alivyonakili Mathew Holmes, vyenye kazi nyingi za mtunzi wa luti John Dowland. Huna luti? Chukua gitaa, legeza uzi wa tatu kutoka G hadi F#, kisha soma herufi kama zilivyo. Ukitaka na kimo cha luti ya G, funga kepo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya tatu na uhesabu kuanzia hapo.