Kiroba Changu cha Taka



Vijana wenzangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Dar es Salaam, kazi ya kutupa taka nyumbani ilikuwa yangu. Mama alinipa hela ya kumlipa mzoa taka anayepita na mkokoteni. Mvua kubwa ikinyesha, nilimwaga kiroba kwenye mtaro, maji yanabeba, hela naenda kula chipsi. Nilijiona mjanja kweli.

Masika moja mtaro ukaziba. Maji yakaingia ndani kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu anayekaa bondeni. Jumamosi tukaenda kumsaidia kutoa tope, na mimi nikiwa na beleshi. Nilichota pempasi, chupa na mifuko. Bibi akaniambia, "Mungu akubariki, mjukuu wangu." Nilishindwa kumtazama usoni.

Nilienda kitubio, kisha nikamwendea bibi mwenyewe nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi kesho uje tuanike godoro." Nikaenda.

Soma Yohane 6:12-13. Baada ya kulisha watu elfu tano, Yesu hakuacha mabaki yatapakae nyasini. Aliwaagiza wanafunzi wayakusanye, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuongeza mikate hakutaka kitu kipotee! Na katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitaja kutenganisha taka kati ya matendo madogo ya kila siku ya kutunza uumbaji.

Kwa nini kutenganisha? Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Yakichanganywa na chupa na karatasi, vyote vinachafuka na kiroba kinakuwa kizito. Yakifika dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, yanaoza chini ya lundo bila hewa na kutoa gesi ya methani, inayoongeza joto duniani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini sheria haiwezi kuingia jikoni kwako. Huko unaingia wewe.

Tufanye hivi:

1. Maganda: weka kwenye shimo au ndoo kuukuu yenye matundu, changanya na majani makavu, geuza kila wiki. Baada ya miezi mitatu hivi unapata mboji ya mchicha.
2. Chupa na vyuma: weka pembeni, mpe anayeokota. Msalimie. Hiyo ni riziki yake.
3. Zinazobaki: mpe mzoa taka, na umlipe. Usichome plastiki, moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Tafakari: Taka zangu zikitoka mlangoni, zinaishia kwa nani? Kuna mtu ninayepaswa kumwomba msamaha?

Sala: Ee Bwana Yesu, uliyekusanya hata makombo, utusamehe tulipomtupia jirani mzigo wetu. Utupe mikono isiyoona aibu kushika ufagio. Amina.

Wiki hii anza na ndoo moja tu. Mimi nilianza na ya bibi.