"Sauti" au "Kura"? Kufasiri Istilahi za Uchaguzi za Kijerumani

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba istilahi za uchaguzi hazifasiriki neno kwa neno. Mifano yetu imetoka katika Kijerumani.

Tuanze na nomino *Stimme*. Maana yake ya msingi ni sauti ya mtu. Katika uchaguzi, neno lilo hilo humaanisha kura. Mjerumani anapopiga kura, lugha yake husema kwamba "ametoa sauti yake" (*seine Stimme abgeben*). Kiswahili kilishika njia nyingine. *Kura* ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo awali lilihusu kuamua jambo kwa bahati, kama tunavyopiga kura hadi leo ili kumpata atakayeanza mchezo. Mfasiri atakayeandika kuwa chama fulani "kilipata sauti nyingi" atakuwa amehamisha neno na kuiacha maana.

Aidha, Kijerumani hutenganisha *wählen*, yaani kuchagua watu au vyama, na *abstimmen*, yaani kuamua hoja au mswada. Kwa kuwa *kupiga kura* hubeba yote mawili, mfasiri hana budi kutaja kinachopigiwa kura.

Mtego mkubwa zaidi umo katika *Erststimme* na *Zweitstimme*. Tukisema "kura ya kwanza" na "kura ya pili", msomaji wa Kenya atadhani ya pili ni ya duru ya marudio, ambayo Kijerumani huiita *Stichwahl*, au kwamba ina uzito mdogo. La hasha! Kura zote mbili hupigwa siku moja, kwenye karatasi moja. Ya kwanza humwendea mgombea wa eneo-bunge. Ya pili huiendea orodha ya chama katika jimbo, nayo ndiyo huamua mgawanyo wa viti katika Bunge la Shirikisho. Baada ya sheria kubadilishwa mwaka 2023, uzito huo ulizidi: katika uchaguzi wa Februari 2025, washindi 23 wa maeneo-bunge walikosa viti kwa sababu kura za pili za vyama vyao hazikutosha.

Kwa hivyo, tunapendekeza *kura ya mgombea* na *kura ya chama*. Istilahi hizi hazifuati umbo la Kijerumani, lakini humweleza msomaji kazi ya kila kura. Mwanafunzi wa tafsiri na aulize kwanza neno linafanya kazi gani, ndipo aulize linaitwaje.