Kurudi Tena

Soma Isaya 58:6–8 na Yohana 6:5–13. Je, Mungu anatutaka tumpe mwenye njaa chakula tu?

Katika Yohana 6 watu wazima wawili wanapiga hesabu. Filipo anaona kwamba hata mikate ya dinari 200 haitatosha. Andrea anamwona mvulana mwenye mikate 5 ya shayiri na samaki 2, lakini papo hapo anatia shaka. Yesu hakumwambia mvulana asubiri mpaka akue. Alikipokea kile kidogo, akashukuru, akawagawia watu.

Desemba 1983, mvulana wa miaka 11 aitwaye Trevor Ferrell, aliyeishi Gladwyne karibu na jiji la Philadelphia, Marekani, aliona kwenye taarifa ya habari watu wanaolala barabarani katika baridi kali. Aliwaomba wazazi wake wampeleke mjini usiku ule ule. Wazazi walisita, kisha wakakubali. Trevor akampa mtu aliyelala kando ya njia blanketi na mto.

Wengi wangeishia hapo. Familia ile ilirudi tena na tena, ikipeleka chakula na nguo. Majirani nao wakajiunga, na baadaye ikafunguliwa nyumba ya kuwahifadhi wasio na makao.

Isaya 58:7 inaanza na mkate, lakini haiishii kwenye mkate. Inataja pia kumkaribisha nyumbani maskini asiye na makao, kumvika aliye uchi, na kutojificha mbele ya ndugu. Sahani ya chakula inaweza kutolewa bila kumtazama usoni anayeipokea. Vijana wa kanisa wanaweza kugawa chakula stendi ya mabasi Sabato moja kwa mwaka, wakapiga picha, wakarudi nyumbani bila kujua jina la hata mtu mmoja. Tendo hilo si baya, kwa kuwa mwenye njaa ameshiba siku ile. Lakini kesho yake njaa inarudi, na waliomlisha hawapo.

Hapa ndipo wazee wa kanisa na wazazi wana sehemu yao. Trevor asingeweza kurudi mjini bila mtu mzima wa kumpeleka. Kijana anapoleta mpango wa kuwalisha wasio na makao, baraza la kanisa lisimjibu kwa hesabu ya Filipo peke yake. Pamoja na kuuliza fedha zitatoka wapi, liulize pia: Nani atakwenda naye juma lijalo?

Maswali ya kujadili:

1. Katika mji wenu, wasio na makao hulala wapi? Ni wangapi kati yao mnaowajua kwa majina?

2. Ni mpango gani wa kijana uliowahi kukwama kanisani kwenu kwa kukosa mtu mzima wa kufuatana naye? Darasa lenu linaweza kufanya nini kabla ya Sabato ijayo?